Mahali pa Kuweka Kobe Wawili

Kobe wetu wa tatu alikufa mwezi wa saba mwaka jana, chini ya kihenge cha mahindi, na tulikaa siku nne bila kujua kwamba amekufa. Ndivyo walivyo kobe. Wakati wa baridi anaingiza kichwa ndani, anatulia, na wewe unapita na ndoo yako ukidhani amelala. Aliyegundua ni mdogo wangu wa mwisho, kwa sababu ndiye anayewapelekea matembele kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Alikuja jikoni akasema kobe ananuka. Nikamwambia kobe wote wananuka. Akasema hapana, huyu ananuka kama panya aliyefia darini.

Tulimzika nyuma ya choo cha zamani. Mdogo wangu hakulia. Aliuliza tu kama wale wawili waliobaki nao watakufa, na mimi, nikiwa bado nimeshika jembe, nikamwambia hawatakufa. Nilisema kwa sauti ile ile ninayosemea kwamba unga utatosha. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, baba akiwa ameshakufa na mama akiwa kitandani, na tangu wakati huo wadogo zangu wamekuwa wakiniuliza na mimi nikijibu. Mara nyingi jibu lilitangulia, kujua kukaja baadaye. Mara nyingine kujua hakukuja kabisa, ila hakuna aliyerudi kuniuliza tena.

Kobe hawa baba aliachiwa na mkandarasi wa barabara aliyekuwa anahama, pamoja na karatasi ya ruhusa ya kuwafuga. Karatasi hiyo naitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya vifo. Jike ni mkubwa, gamba lake linajaza ungo mdogo. Dume ni kama nusu yake, naye ndiye mkorofi. Miaka yote waliishi uani hapa kwetu Kasokola, wakila tulichobakiza shambani, wakijichimbia chini ya kihenge baridi ikija. Hakuna aliyewahi kuwafikiria. Lakini baada ya kumzika yule mmoja, mdogo wangu alianza kuwafikiria kila siku, na mwaka huu mwezi wa sita ulipoingia, upepo ulipoanza kupiga asubuhi na watoto wakaanza kwenda shule wamejitanda kanga kichwani, aliniuliza swali dogo tu: safari hii watakaa wapi?

Nilimjibu kwamba watakaa ndani. Sikujua ndani wapi.

Ugumu ulikuwa kwamba kila nilichofikiria kilikuwa na kinyume chake. Baridi ya kwetu si ya kutwa nzima. Asubuhi unatetemeka mpaka kikombe cha chai kinagonga meno, saa saba mchana unatafuta kivuli. Ukimweka kobe mahali pa joto la asubuhi, mchana anachemka. Ukimweka mahali pa mchana, asubuhi anaganda. Tena porini wapo kobe tele ambao hawana mtu wa kuwafikiria, na hawajaisha. Hilo alilisema mdogo wangu mwingine, wa kiume, anayeendesha bodaboda Mpanda mjini na kuja nyumbani Jumapili kula. Alinikuta nimechuchumaa mbele ya katoni ya sabuni nikiikata mlango kwa kisu cha jikoni.

"Dada, huyu anatembea na nyumba yake mgongoni," akasema. "Na wewe unampangishia chumba?"

Nikamwambia aliyekufa naye alikuwa na nyumba mgongoni. Akachukua kiazi akaenda kukaa kwenye pikipiki yake.

Katoni niliiweka jikoni karibu na mafiga, nikitandika maganda ya mahindi. Haikumaliza siku. Dume aliisukuma kona kwa kichwa mpaka ikachanika na kufunguka, tukamkuta nyuma ya kuni amejibana, amejaa majivu. Jike alibaki ndani ya katoni, lakini moshi ulikuwa unamtoa machozi, au nilidhani ni machozi. Sikujua kama kobe hulia kwa moshi kama sisi.

Baada ya hapo nikawahamishia kwenye beseni kubwa la kufulia, sebuleni. Humo hawakuweza kutoboa, lakini hawakuacha kukwaruza. Kutwa nzima kucha zilikwenda kwaru kwaru kwenye plastiki, na hawakuwa na nafasi ya kugeuka, hivyo mmoja alikuwa anapanda mgongo wa mwenzake anaanguka chali. Jirani yetu, mama wa makamo tunayemwita Mama Mkubwa ingawa hatuna undugu naye, alikuja kuomba chumvi akawatazama kwa muda mrefu. Akauliza kama nawaloweka. Nikamweleza. Akasema yeye kwa vifaranga huweka jiko la mkaa ndani ya kibanda na kufunika, na hapo hapo akakumbuka kwamba mwaka juzi vifaranga kumi na moja walikufa kwenye kibanda hicho hicho bila hata kuungua. Alipoondoka nilikuwa nimechanganyikiwa zaidi kuliko alipokuja.

Jumapili iliyofuata yule wa bodaboda alikuja na simu yake. Alikuwa amepata video ya Wazungu wanaofuga kobe. Tuliitazama sote watatu, vichwa vimegusana. Kobe walikuwa ndani ya sanduku la kioo lenye mchanga, juu yao kuna taa, na kuna kitu kama saa kinachoonyesha joto. Mdogo wangu wa mwisho alitaka irudiwe. Nami nikaona kwamba taa tunayo, umeme tunao, basi tatizo limekwisha. Tukavuta waya, tukaning'iniza balbu juu ya beseni. Ilimulika vizuri sana. Nikaweka kiganja chini yake nikasubiri joto. Nikasubiri. Nikaishika yenyewe balbu kwa mkono, ilikuwa baridi kama yai. Taa za siku hizi hutoa mwanga tu. Zile za zamani, za njano, zilizokuwa zinaunguza vidole, mdogo wangu wa bodaboda alizitafuta mjini siku mbili, na muuza duka mmoja alimuuliza kama ametoka makumbusho.

Hapo ndipo nilipokumbuka boksi.

Wazazi wetu walilima tumbaku. Nyuma ya nyumba bado liko bani, lile jengo refu la udongo ambamo majani yalining'inizwa na kukaushwa kwa moto, na ndani ya bani kulikuwa na boksi la kufungia mzigo. Ni boksi la mbao nene, refu kuliko kiuno changu, ambalo baba alilitandika gunia ndani, akapanga majani, na sisi watoto tukaingia kuyakanyaga kwa miguu mpaka yashikane. Nadhani ndiyo kazi pekee iliyokuwa na kucheka ndani yake. Mama alikuwa anatushika mikono kutoka nje ili tusianguke, tukiruka na kushuka. Mbao zake zimekuwa nyeusi na zinang'aa kwa utomvu wa miaka mingi. Nilipolifungua mwaka huu lilikuwa halijaliwa hata na mchwa.

Niliona kila kitu kinakubali. Ni imara, dume hawezi kulisukuma. Lina kina, upepo haufiki chini. Ni kavu, ni pana kuliko beseni. Halafu lina faida nyingine ambayo mkulima yeyote wa huku angeiona: wadudu hawatalikaribia. Mama Mkubwa mwenyewe huweka vikonyo vya tumbaku chini ya kuku wanaoatamia ili utitiri ukimbie, na mama yetu alifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo sikulisafisha. Nililala juu ya ukingo wake, nikafagia makombo ya majani yaliyobaki, nikayasambaza chini vizuri kama tandiko, juu yake nikaweka gunia. Tukaliburuta mpaka sebuleni, mimi na mdogo wangu wa mwisho, tukiacha alama mbili sakafuni. Akaandika KOBE kwa mkaa ubavuni. Nilisimama nikalitazama nikajisikia mtu aliyefaulu mtihani.

Siku ya kwanza walitulia. Nikasema wameridhika. Siku ya pili walitulia. Siku ya tatu mdogo wangu aliniambia matembele ya jana yapo vile vile. Nikasema ni baridi, wakisikia baridi hawali. Nikaongeza gunia la pili na kufunika juu kwa kipande cha bati, nikaacha upenyo wa vidole vinne. Siku ya nne jike alikuwa na povu puani. Dume, ambaye hajawahi kukubali kushikwa, nilimnyanyua akaning'iniza miguu yote minne kama nguo iliyoanikwa.

Nikachemsha maji, nikajaza chupa mbili za plastiki, nikazifunga kwa vitambaa na kuziweka pembeni mwao. Nilikuwa nafanya kila kitu kwa bidii, na kila nilivyozidi kuwaziba ndivyo walivyozidi kulegea. Nikilala nilikuwa nahesabu: moshi hakuna, upepo hakuna, unyevu hakuna, joto lipo. Sasa nini?

Siku ya tano bwana mifugo alikuja kwa Mama Mkubwa kuangalia mbuzi, nikamkimbilia. Alikubali kupita. Ni kijana mwenye heshima, na siku hiyo mwenyewe alikuwa na mafua makali, anashika leso muda wote. Aliinama kwenye boksi, akamtazama jike, akaniambia bila kuficha kwamba yeye amesomea ng'ombe, mbuzi na kuku, kobe hakufundishwa. Akasema kwa akili ya kawaida mnyama mwenye makamasi anatakiwa kukaa pakavu, pasiwe na moshi, apate joto. Nikamwonyesha kwamba yote hayo nimefanya. Akasema basi tuombe Mungu. Kama angekuwa hana mafua, naamini pua yake ingemwambia kitu. Lakini hata yangu haikuniambia. Harufu ile mimi nimezaliwa ndani yake.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na sare zake. Bwana mifugo alipoondoka akaniuliza.

"Dada, watakufa?"

"Hawatakufa."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua madaftari yake akaenda nje kusomea kwenye jua. Sikupenda alivyoitikia. Ni kama mtu anavyoitikia mgeni.

Kesho yake, alipokwenda shule, niliamua kulisafisha boksi, kwa kuwa ndilo jambo pekee nililokuwa sijafanya. Niliwatoa kobe nikawaweka kwenye ungo mlangoni, nikamwaga maji ya moto ndani, nikaingiza kichwa na mabega nikaanza kusugua kwa tambara. Maji yalibadilika rangi mara moja, yakawa kama chai iliyosahaulika motoni. Nikazidi kusugua. Baada ya muda kinywa changu kilijaa mate. Si mate ya njaa. Ni mate mepesi, mengi, yanayokuja yenyewe, na nyuma yake kichwa kikaanza kwenda upande. Niliitoa shingo nje nikakaa sakafuni, mgongo ukutani.

Mate yale niliyajua. Nilikuwa na miaka minane au tisa, tunachuma tumbaku asubuhi majani yakiwa bado na umande, nimeyakumbatia kifuani yamelowesha gauni. Ghafla nilijaa mate hivyo hivyo, nikatapika kwenye tuta, miguu ikawa si yangu. Mama aliniburuta hadi kisimani akanisugua mikono na kifua kwa mchanga na sabuni. Alisema tumbaku imenikamata, kwamba ikikutana na maji inaingia mwilini hata kama hujaila. Kila mtoto aliyekulia kwenye tumbaku imemkamata siku moja. Sote tunajua. Na bado niliwachukua viumbe wawili wanaokaa matumbo yao yamegusa chini, nikawalaza juu yake, nikawawekea chupa za maji ya moto zitoe jasho, nikafunika na bati.

Au nilidhani hivyo. Kwa sababu nilipokuwa nimekaa pale, mara tu baada ya kusema moyoni ni boksi, nikakumbuka kwamba yule wa mwaka jana hakuwahi kuliona boksi. Na kwamba jike alikuwa na machozi tangu jikoni. Na kwamba baridi ya wiki ile ilikuwa kali kuliko zote. Sikuwa na njia ya kujua. Nilichokuwa nacho ni mate mdomoni.

Niliwaosha kobe kwa maji ya vuguvugu, mmoja mmoja, matumbo na miguu, nikawafuta. Halafu sikujua pa kuwaweka. Sikutaka tena kitu chochote chenye kuta nne. Wakakaa tu pale kwenye ungo, juani, na mimi nimekaa pembeni yao, kazi za siku zimelala.

Mdogo wangu aliporudi alituona tangu barabarani akaanza kukimbia. Alidhani wamekufa. Alipoona dume anapepesa jicho akasimama, akaanza kupumua.

"Nani kawatoa?"

"Mimi. Lile boksi lina tumbaku. Nadhani ndiyo inayowaumiza."

"Unadhani?"

"Nadhani."

"Yule wa mwaka jana hakuwa kwenye boksi."

"Ndiyo. Kwa hiyo sijui."

Alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nitamani kusimama nikapike. Ana miaka kumi na moja. Mama alipokufa alikuwa hajaanza kutembea.

"Lakini ulisema hawatakufa."

"Nilisema. Sikuwa najua."

"Na mwaka jana?"

"Na mwaka jana sikuwa najua."

Nilisubiri alie, au akasirike aingie ndani. Aliweka mkoba chini, akachuchumaa mbele ya jike, akampangusa povu kwa kona ya sketi yake ya shule. Sikumkataza.

"Sasa si ungeniambia hujui," akasema bila kunitazama. "Mimi niko nao kila siku. Ningekuwa naangalia."

Halafu akaniambia mambo ambayo alikuwa anayaona na hakuyasema, kwa kuwa alidhani mimi nayajua. Kwamba walipokuwa uani, asubuhi walikuwa wanatoka kwenda kwenye ukuta wa choo unaopigwa na jua kwanza, na mchana wanarudi kivulini, halafu jioni wanahamia karibu na jiwe la kufulia kwa sababu linabaki na joto. Kwamba hawakai mahali pamoja hata siku moja. Kwamba kwenye beseni walikuwa wanakwaruza upande mmoja tu, upande wa mlango. Nilimsikiliza. Nilikuwa nimehangaika wiki tatu kutafuta mahali penye joto sawasawa, na hawa walikuwa wanataka kuchagua.

Tulijenga siku ile ile. Sebule yetu ndiyo chumba pekee ambacho jua la asubuhi linaingia mlangoni na kufika katikati. Tukasogeza makochi yote ukutani, tukaleta matofali ya udongo yaliyobaki tulipojenga choo kipya, tukayapanga mawili kwa kwenda juu kuanzia karibu na mlango mpaka kona ya giza nyuma ya kabati. Chini, kwa sababu simenti ni baridi, tukamwaga udongo mkavu kiasi cha kuzama mkono, juu nyasi. Kwenye kona ya giza tukaegemeza kipande cha mtungi uliovunjika wajifiche chini yake. Upande wa mlango, ndani ya ukuta huo wa matofali, tukaacha peupe pasipo kivuli, tukalaza bamba la jiwe lipigwe na jua. Juu hatukufunika chochote. Boksi tukalirudisha banini. Nilifikiria kulipasua liwe kuni, nikashindwa, tena moshi wake ungekuwa yale yale.

Jumapili yule wa bodaboda alifika akakuta nusu ya sebule si yetu tena. Aliuliza wageni watakaa wapi. Mdogo wake akamwambia wageni wavue viatu. Akacheka, lakini nilimwona baadaye amesimama peke yake akipimapima matofali kwa mguu kama yanayumba.

Mdogo wangu alianza kuandika nyuma ya daftari la hisabati. Hakuandika mengi. Saa, nani yuko upande gani, kala au hajala. Nilimruhusu, ingawa mwalimu atauliza. Siku ya pili dume alitoka chini ya mtungi mwenyewe akaenda kulala juu ya jiwe. Siku ya tatu alikula tembele moja na kuuma kidole changu. Jike hakutoka. Alikaa kwenye kona, povu limekauka likaacha ukoko, na kila tulipomsogezea chakula aliingiza kichwa. Mdogo wangu aliandika hajala, hajala, hajala. Jioni ya siku ya tano aliniuliza tena lile swali, na nikamwambia sijui. Nilidhani ataogopa. Akaja akakaa karibu yangu, tukamtazama pamoja mpaka maharage yakaungua.

Asubuhi ya siku ya saba nilikuwa naosha vyombo nje nikamsikia akiniita taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nikaingia na mikono yenye povu la sabuni. Jike alikuwa amefika kwenye jiwe. Njia aliyopita ilionekana kwenye nyasi, imejipinda, na pale njiani alikuwa amekojoa dimbwi kubwa lenye kitu cheupe. Alikuwa na kipande cha tango mdomoni. Hakukimaliza. Alikiuma, akatulia muda mrefu kiasi cha kutukatisha tamaa, akakiuma tena.

Leo ni wiki mbili tangu siku hiyo. Wanakula wote wawili, ila baridi bado haijaisha. Makochi bado yako ukutani. Jana, nikibadilisha nyasi, mdogo wangu alinyanyua macho kutoka kwenye daftari akaniuliza mimi naona kilikuwa nini hasa, tumbaku au baridi au moshi wa jikoni. Nilifungua mdomo nimjibu. Nikaufunga, nikamuuliza yeye anaonaje.

"Bado naangalia," akasema.